Usichome mabua, using'oe mikunde

Kwa miaka mingi nilisafisha shamba kwa moto. Nikishavuna nakusanya mabua na kuyachoma, na mimea ya msimu unaofuata ikistawi wiki za mwanzo naamini majivu yamerudisha rutuba. Baada ya misimu kadhaa udongo ukashikana, maji ya mvua yakawa yanapita juu, na mahindi yakaanza kugeuka manjano kuanzia majani ya chini. Hiyo ni njaa ya naitrojeni, kirutubisho cha mimea.

Majivu hubakiza potasiamu na kalisi, lakini karibu naitrojeni yote huondoka na moshi. Isitoshe, nilikuwa nateketeza chakula cha nyungunyungu, kuvu na bakteria, ambao ndio wanaoyaozesha mabaki yakarudi kuwa lishe ya mimea. Siku hizi mabua nayatandaza juu. Usiyafukie yakiwa makavu ukapanda papo hapo, maana bakteria wanaoyaozesha huchukua naitrojeni ya udongo na mche hukosa.

Lililonifurahisha zaidi ni mikunde, yaani mimea kama kunde na maharage. Asilimia 78 ya hewa ni naitrojeni, ila mmea hauwezi kuitumia ilivyo. Mikunde huitumia kwa msaada wa bakteria waitwao Rhizobium, wanaoishi kwenye vinundu vya mizizi yake. Usiamini tu kwamba wamo, kagua. Mimea ikianza kutoa maua, chimbua mmoja taratibu bila kuuvuta, kwa sababu vinundu hukatika na kubaki ardhini. Pasua kinundu kwa ukucha. Ukikuta wekundu ndani, kazi inafanyika. Ukikuta weupe au ukijani, hakifanyi kazi, ama hakijaanza ama kimechoka.

Wakati wa kuvuna, kata shina usawa wa ardhi na uiache mizizi ioze humo humo. Majani nayo yarudishe shambani, kwani sehemu kubwa ya naitrojeni iliyopatikana huondoka na punje.

Fosforasi, kirutubisho kingine cha mimea, ni habari nyingine kabisa. Hiyo haitoki hewani. Hutoka kwenye miamba inayolika polepole mno, na mizizi huipata kwa msaada wa kuvu wanaoshikamana nayo. Kila mavuno yanayotoka shambani huondoka na sehemu yake, na kulipumzisha shamba msimu mmoja hakuirudishi. Ndiyo maana bado nabeba samadi na mboji kila mwaka, hata pale mikunde ilipostawi vizuri.