Kununua rola kosta ya mtumba yenye kitanzi

Ndugu, umeuliza ukague nini kabla ya kununua rola kosta (treni ya burudani inayopanda na kushuka kwa kasi kwenye reli) ya mtumba yenye kitanzi, yaani sehemu ambapo reli hupinda na kumgeuza abiria kichwa chini, uifunge kwenye kiwanja chenu cha Ihumwa, Dodoma. Anza na umbo la kitanzi. Kikiwa duara kamili, achana nacho. Hata bila msuguano, treni lazima ishuke kutoka kimo cha mara 2.5 ya nusukipenyo cha kitanzi, ukipima kuanzia chini yake, ndipo ipite juu bila kuachia reli, na ikifika chini abiria hubanwa kwa mara 6 ya uzito wake. Shingo zitaumia. Ndiyo maana kitanzi cha Revolution, rola kosta ya California, iliyofunguliwa 1976 na kuchorwa na Werner Stengel, ina mkunjo mpana chini na uliobana juu, kama tone la maji.

Kisha magurudumu. Ni ya aina tatu: ya kubeba, ya pembeni, na ya chini ya reli yanayozuia behewa kuchomoka. Utando wa plastiki ukibanduka au beringi ikijaa vumbi (na vumbi la Dodoma mnalijua), treni hupoteza mwendo na inaweza kurudi nyuma kitanzini. Dai beringi zenye sili (kizibo cha kuzuia vumbi). Kila asubuhi zungusha treni tupu kwanza, maana kukiwa na baridi grisi huwa nzito.

Rangi mpya isikudanganye: viungo vya kuchomelea vipimwe nyufa. Muuzaji asiye na michoro ya mtengenezaji na daftari la matengenezo anakuuzia chuma chakavu, mlipe kwa kilo.