Albamu ya Fleet Foxes niliyokutana nayo Kibuye

Ndugu uliyeuliza kama inafaa kutumia bando kusikiliza albamu nzima ya bendi usiyoijua: kwangu ilifaa, ingawa sikuitafuta. Nilikuwa nimempelekea fundi mmoja wa simu karibu na soko la Kibuye, hapa Kisumu, simu yangu iliyoharibika, nikamkuta akijaribu spika ya simu ya mteja mwingine kwa wimbo ulioanza na sauti moja, kisha ya pili, kisha nyingine tena, zote zikirudia maneno yaleyale mpaka zikajaa kibanda kizima. Mimi ni mwimba besi kanisani, kwa hiyo nilidhani ni kwaya iliyo mazoezini. Fundi hakujua ni nani. Tulisoma jina kwenye kioo cha simu: Fleet Foxes, "White Winter Hymnal".

Ni bendi ya Seattle, Marekani, na albamu yenye wimbo huo, iliyopewa jina la bendi yenyewe, ilitolewa na kampuni ya muziki ya Sub Pop mwaka 2008, wakati Robin Pecknold, mtunzi na mwimbaji wao mkuu, alikuwa na umri wa miaka 22. Ina nyimbo 11 ambazo hazifiki dakika 40. Sisi tuliolelewa na benga tumezoea gitaa linalojibizana na mwimbaji na hatimaye kumpokonya wimbo. Hapa gitaa linatandika mkeka tu, sauti za watu ndizo zinazokaa. Wimbo wa saba, "Heard Them Stirring", hauna neno hata moja, na bado ndio ninaourudia kuliko zote, kwa sababu unaweza kuifuata kila sauti peke yake kama unavyofuata mstari wako katika daftari la kwaya.

Jalada nalo lilinichelewesha. Ni mchoro wa Pieter Bruegel Mzee wa mwaka 1559, wenye methali zaidi ya 100 za Kiholanzi zilizochorwa kama matendo ya watu kijijini. Yumo mtu anayefukia kisima baada ya ndama kuzama, na papo hapo nikasema, huyu ndiye majuto mjukuu wetu.

Dosari ipo: mwangwi umewekwa mwingi mno, na mara kadhaa unayameza maneno, hata kwa anayekijua Kiingereza vizuri. Kwenye spika ya simu hali ni mbaya zaidi, kwa hiyo tumia vipokea sauti vya masikioni, na usirukeruke nyimbo, maana "Oliver James" iliyo mwisho, ambayo Pecknold anaimalizia kwa sauti yake pekee, gitaa likiwa limenyamaza, haigusi sana mtu ambaye hajapita katika zile sauti nyingi zilizoitangulia.

Wenzangu watatu wa kwaya tulijaribu ule mwanzo wa "White Winter Hymnal" baada ya mazoezi. Wa tatu huingia mapema kila mara, na bado hatujaupata.