Miguu Mizito Jioni: Maswali Yenu Kuhusu Mishipa ya Miguu

Shikamoo daktari. Kazi yangu ni ya kusimama kutwa. Jioni miguu inakuwa mizito na viatu vinabana, lakini asubuhi niko mzima. Ni uchovu tu?

Marahaba. Inawezekana si uchovu tu. Damu ya miguuni hupanda kurudi moyoni kwa msaada wa misuli ya shavu la mguu, ambayo huikamua mishipa ya vena kila unapopiga hatua. Ndani ya vena hizo mna vali zinazozuia damu isirudi chini. Ukisimama palepale, misuli haikamui. Vali zikilegea, damu hutuama, presha ndani ya vena hupanda na maji huvujia kwenye nyama. Ukilala, maji hayo hurudi taratibu. Unafuu huo wa asubuhi ndio unaowafanya wengi waishi na tatizo miaka mingi bila kupimwa. Pimwa.

Daktari aliyeniona alisema mishipa imetokeza kidogo tu. Mume wangu anasema najidekeza. Lakini usiku misuli hukaza nikaamka, kupiga magoti siwezi, na harusini siendi tena kwa sababu sitaki miguu yangu ionekane. Je, hayo nayo ni ugonjwa?

Ni ugonjwa, tena kwangu mimi hapo ndipo penye uzito wake. Madaktari hupanga hali ya mguu kwa ngazi kuanzia C0 hadi C6: C2 ni mishipa iliyovimba na kujipinda, yaani varikosi, na C6 ni kidonda kilicho wazi. Ngazi hizo hufuata kile kinachoonekana mguuni. Usingizi wako hazigusi, wala aibu yako. Na maumivu hayalingani sikuzote na ukubwa wa mishipa.

Ndiyo maana huko Ufaransa ilibuniwa dodoso iitwayo CIVIQ, yenye maswali 20 ambayo mgonjwa hujijibia mwenyewe: unalalaje, ngazi unapandaje, unaweza kuchuchumaa, unaona aibu kuonyesha miguu, unajiona mzigo kwa wenzako? Hata harusi na sherehe zimo! Kwa hiyo ukirudi kwa daktari, usiishie kusema “miguu inauma”. Mtajie yale uliyoacha kuyafanya. Na huyo bwana nenda naye, asikie.

Nina kidonda upande wa ndani, juu kidogo ya kifundo cha mguu, mwezi wa tano sasa. Ngozi pembeni imekuwa nyeusi. Nimepima sukari, sina.

Ulifanya vyema kupima. Mahali ulipopataja na weusi huo vinanielekeza kwenye vena: chembe nyekundu za damu huvuja, zikaacha madini ya chuma ndani ya ngozi. Kubadilisha bandeji peke yake hakutoshi, kwa sababu presha iliyoleta kidonda bado ipo. Tiba ya msingi ni kuufunga mguu kwa bandeji za kubana, lakini kwanza ipimwe ateri, yaani mishipa inayoleta damu mguuni. Mguu usiopata damu ya kutosha ukibanwa unaweza kuharibika.

Uliza pia kuhusu kuziba vena mbovu kwa joto, leza au dawa ya povu. Utafiti wa Uingereza uliotolewa mwaka 2018 uliwalinganisha watu waliozibwa vena mapema na waliosubirishwa, wote wakifungwa bandeji. Nusu ya waliozibwa mapema walikuwa wamepona ndani ya siku 56. Kwa wenzao ilichukua siku 82. Siku 26 za harufu na maumivu si kidogo kwa anayezihesabu.

Kukunja nne huleta varikosi?

Hapana. Kurithi, umri, mimba, unene na kazi ya kusimama ndivyo vya kuangaliwa.

Soksi za kubana zimenishinda. Kuzivaa ni vita.

Zivae asubuhi kabla hujashuka kitandani, mguu haujavimba. Mikono ikiwa dhaifu, kipo kifaa cha kuvalia. Pengine kipimo si chako. Omba upimwe upya. Soksi iliyobaki kabatini haimsaidii mtu.

Mguu wangu mmoja umevimba ghafla tangu jana, una joto na unauma. Niuinue tu?

Usisubiri. Huenda damu imeganda kwenye vena ya ndani, na bonge likikatika laweza kufika mapafuni. Nenda hospitali leo. Ukianza kubanwa na pumzi au kuumwa kifua, hiyo ni dharura, ita gari la wagonjwa.