Jibu: Mgahawa wa Kitaiwani kwa asiyekula nguruwe

Waalaikumsalaam ndugu. Nimekuelewa: wenzako wa kazini wanakupeleka kwa Wataiwani hapo Los Angeles, wewe hugusi nguruwe wala pombe, na hutaki kuishia kunywa maji tu.

Cha kuangalia kwanza ni mafuta, nyama baadaye. Majiko mengi ya Kitaiwani hukaangia mafuta ya nguruwe vile vitunguu vidogo vya kunyunyizia juu ya wali, mboga na supu. Kwa hiyo hata sahani ya mchicha mtupu inaweza kuwa nayo. Muulize mhudumu waziwazi. Mimi huuliza kabla sijakaa, na hakuna aliyewahi kuninunia.

Lu rou fan, wali wenye rojo la kahawia, ni nguruwe. Gua bao, mkate laini wa mvuke uliokunjwa na nyama ndani, kwa kawaida pia. San bei ji ndiyo mtego wenyewe: kuku ananukia tangawizi na mrehani, ila humo mna mvinyo wa mchele. Supu ya tambi za ng'ombe nayo mara nyingi hutiwa mvinyo huo, na kama ng'ombe kachinjwa kihalali ni wao tu watakaokwambia.

Njia rahisi ni kutafuta alama 素 kwenye menyu. Hicho ni chakula kisicho na nyama, desturi ya Wabudha, na mara nyingi hata kitunguu saumu hakimo. Mvinyo bado uulizie.

Chai yao ya maziwa yenye punje nyeusi kunywa tu, punje hizo ni wanga wa muhogo. Omba sukari nusu. Na harufu ya tofu (jibini la soya) iliyovundikwa ikikufikia, usidhani choo kimeziba.