Uliza Tukujibu: Mawe, Mafagio na Korona, Ubingwa wa Wanawake Kanada 2021

Wapendwa wasomaji, toleo lililopita nilimtaja kwa mstari mmoja tu Rachel Homan, yule mwanamama wa Kanada aliyecheza fainali ya taifa ya kalingi, mchezo wa kutelezesha mawe kwenye barafu, akiwa na ujauzito wa miezi minane hivi, tena katikati ya korona, na barua zikaanza kuja moja baada ya nyingine mpaka nikaona safari hii ukurasa wote niwape hao waliouliza. Nimechagua barua tano.

Shikamoo dada. Mimi ni mama wa watoto watatu, tumehamia Calgary tukitokea kambini. Wanangu shuleni wamefundishwa mchezo wa kusukuma jiwe kwenye barafu halafu wengine wanafagia mbele yake, mwalimu akawaambia mwaka 2021 wanawake wa nchi nzima walishindania hapahapa mjini na hakuna shabiki aliyeingia. Huo ni mchezo gani, na ukicheza bila watu unakuwa unacheza kwa ajili ya nani?
*Mama Watatu, Calgary*

Marahaba mama, na poleni kwa baridi ya huko. Huo mchezo ni kalingi. Timu ina watu wanne, kila timu inarusha mawe nane kwa raundi, na raundi ni kumi kwenye mashindano makubwa kama hayo. Kurusha nimesema tu, ukweli linatelezeshwa, maana jiwe lenyewe ni granite ya kilo 17 mpaka karibu 20, na mengi yanayotumika kwenye mashindano makubwa yametoka kwenye kisiwa kidogo cha Scotland kinaitwa Ailsa Craig. Njia ya barafu ina urefu wa mita 45 hivi, mwisho wake kuna duara kubwa, wao wenyewe wanaliita nyumba. Mwenye jiwe lililo karibu zaidi na katikati ndiye anayepata pointi raundi hiyo, na unaruhusiwa kuligonga la mwenzio litoke, yani kama gololi tulizocheza utotoni ila hapa ni kwa mahesabu makali sana. Wale wanaofagia hawasafishi uchafu mama, wanasugua barafu ipate joto kidogo ili jiwe liende mbali zaidi na lisipinde haraka, na nahodha anawapigia kelele kutoka upande wa pili fagia, fagia, acha, na wao wanasugua kwa nguvu zote mpaka pumzi inakata.

Sasa mashindano yenyewe yanaitwa Scotties Tournament of Hearts, ndio ubingwa wa taifa wa wanawake Kanada. Ya 2021 yalikuwa yafanyike Thunder Bay, jimbo la Ontario, lakini korona ikavuruga kila kitu na chama chao, Curling Canada, kikaamua mashindano yote makubwa ya msimu yahamie sehemu moja, Calgary, kwenye ukumbi wa Markin MacPhail ndani ya ile Canada Olympic Park, pengine mnapita hapo mkiwa kwenye basi. Walianza wanawake, tarehe 19 mpaka 28 Februari, wakafuata wanaume mwezi Machi, halafu timu za mwanamke na mwanaume mmoja mmoja, halafu ubingwa wa dunia wa wanaume mwezi Aprili, halafu mashindano mawili ya kugombea zawadi ya pesa, na mwishoni kabisa ubingwa wa dunia wa wanawake ambao nao ulikuwa uwe Uswisi. Yote hayo kwenye barafu ileile.

Walichofanya ni kambi ya kujifungia. Unapimwa kabla ya kusafiri, unapimwa ukifika, unakaa chumbani hotelini mpaka majibu yatoke, baada ya hapo maisha yako ni hoteli na uwanja, uwanja na hoteli, hakuna kwenda dukani, hakuna kusalimia ndugu hata kama anaishi mtaa wa pili. Na hapa kuna kitu ambacho kwa mtazamaji wa mbali kinapita haraka lakini kwa wao ni kikubwa, kalingi ni mchezo wa kupeana mikono kabla na baada ya mechi, na desturi ni kwamba mkimaliza mnakaa meza moja na mliowafunga mnapiga stori, aliyeshinda ananunua vinywaji. Hayo yote yakaondoka.

Umeuliza wanacheza kwa ajili ya nani. Kwa ajili yao wenyewe kwanza. Ngoja nikwambie kilichowatokea mwaka wa kabla yake. Kerri Einarson wa mji mdogo wa Gimli, Manitoba, mama wa mapacha, alichukua ubingwa wa taifa Februari 2020 kule Moose Jaw kwa kumfunga huyohuyo Homan 8 kwa 7 kwenye raundi ya nyongeza. Kombe hilo linakupa tiketi ya kuiwakilisha Kanada ubingwa wa dunia, na mwaka huo ulikuwa palepale nyumbani, Prince George. Timu ikafika, na siku mbili kabla ya mechi ya kwanza wakaambiwa imefutwa. Umelenga kitu miaka yote, umekifikia, halafu unafungasha mabegi unarudi. Kwa hiyo nikisikia mtu anasema hawa wangekaa tu nyumbani mwaka mwingine, namuelewa lakini sikubaliani naye.

Habari za kazi dada mhariri. Nafundisha timu ya netiboli ya wasichana. Nimesoma kwamba mwaka huo wa korona timu nyingi za Kanada hazikucheza mchujo, zilichaguliwa tu mezani. Huo si upendeleo? Wasichana wangu wangenigomea.
*Kocha, Dodoma*

Nzuri kocha, na wana haki ya kukugomea. Kwa kawaida kila jimbo la Kanada linacheza mashindano yake na bingwa ndiye anaenda taifa. Msimu ule kumbi zilifungwa sehemu nyingi, barafu zikayeyushwa, na majimbo mengi yakafuta mchujo na kuteua timu, mengi yakiangalia matokeo ya mwaka uliopita. Halafu nafasi za timu zenye viwango vya juu ambazo hazikupata nafasi kupitia jimbo zikaongezwa kutoka moja mpaka tatu, jumla zikawa timu 18 badala ya 16, makundi mawili ya timu tisa tisa.

Kuongeza nafasi kulisaidia, lakini hakukumsaidia yule msichana ambaye angemshangaza mkubwa kwenye mchujo wa jimbo lake. Mchujo upo kwa ajili ya watu kama hao, wasio na jina bado. Ukichagua kwa matokeo ya mwaka jana unamwambia wa mwaka huu subiri, na kwenye michezo kuna watu ambao mwaka wao ni huohuo mmoja. Mimi naona walifanya sahihi kuendesha mashindano, ila kuna waliolipa gharama na majina yao hatuyajui, na hilo lisemwe wazi. Kwa upande mwingine uteuzi uliwafungulia mlango wageni pia, Quebec walikuja na vijana chini ya nahodha Laurie St-Georges, mara yao ya kwanza pale, wakacheza kwa furaha mpaka watazamaji wa kwenye tivii wakawapenda.

Na kuna waliopata nafasi wakaiacha. Tracy Fleury, nahodha wa moja ya timu bora kabisa za mwaka ule, alibaki nyumbani kwa sababu ya afya ya mtoto wake, na Chelsea Carey, ambaye alikuwa bingwa 2019, akaingia kuwaongoza wachezaji wa Fleury. Pia wafikirie wale wa Nunavut, huko kaskazini kabisa, na wa majimbo ya pwani ya mashariki, ya Atlantiki, ukitoka Calgary safari haijaisha, kwao sheria ilikuwa ujitenge siku 14, Nunavut ndio kabisa ulikaa kwenye hoteli ya karantini huko kusini kabla hata hujapanda ndege ya kwenu. Kwa mtu mwenye kazi na watoto, wiki moja na nusu ya mchezo ikageuka zaidi ya mwezi.

Dada, mimi ni muuguzi, nina ujauzito wa miezi sita na bado nafanya mazoezi. Mama mkwe ananiambia nitaua mtoto. Huyo Homan alichezaje na tumbo la miezi minane? Naomba unijibu vizuri maana nyumbani hakukaliki.
*Muuguzi, Mombasa*

Pole mdogo wangu, na hongera. Kwanza la muhimu, mazoezi yako yaamuliwe na wewe na mkunga au daktari anayekuhudumia, siyo mimi, siyo Homan, na mama mkwe naye kwa heshima zake zote aje kliniki asikie kwa masikio yake. Wewe mwenyewe unajua kazini kwamba ujauzito usio na shida hauzuii mazoezi, kinachoogopwa zaidi miezi ya mwisho ni kuanguka, kugongwa tumbo na kujichosha kupita kiasi.

Sasa Homan. Yeye ni nahodha, na nahodha anarusha mawe mawili ya mwisho na muda mwingine anasimama kwenye duara anasoma barafu na kuelekeza, kufagia anafagia kwa nadra, hiyo kazi ya kuunguza mapafu inafanywa na wenzake. Lakini usidhani ilikuwa rahisi, kurusha kwenyewe unachuchumaa mpaka chini kabisa, goti karibu liguse barafu, unajisukuma kwa mguu mmoja na kuteleza na mwingine huku mwili mzima ukiwa umeinama mbele, na tumbo ndio lipo hapo katikati. Mizani ya mwili inabadilika kila wiki. Na alifanya hivyo mechi juu ya mechi kwa siku kumi, mpaka nusu fainali akamtoa Laura Walker wa Alberta na fainali akapoteza 9 kwa 7 kwa Einarson. Ilikuwa fainali ya tatu mfululizo anapoteza, 2019, 2020, 2021.

Alijifungua binti mwezi uliofuata, na wiki chache tu baadaye akarudi kwenye kambi ileile ya Calgary akachukua Champions Cup, moja ya yale mashindano mawili ya pesa. Hilo la kurudi haraka sikwambii uige. Mwili wake, timu yake, madaktari wake, na wewe una zamu za usiku wodini. Ninachotaka umwambie mama mkwe ni kwamba kuna mwanamke alikaa na watu wanaojua afya yake, wakapanga, akafanya, na mtoto akazaliwa. Kwenye timu yake alikuwepo pia muuguzi mwenzio, Joanne Courtney, kwa hiyo wauguzi mnawakilishwa vizuri. Na Februari 2024 ubingwa wa taifa uliporudi Calgary, ukumbi ukiwa na mashabiki safari hii, Homan alishinda bila kupoteza mechi hata moja.

Mhariri, watu walikuwa wanakufa. Kwa nini wasiahirishe tu? Mchezo wa ndani, watu wanahema na kupiga kelele, hii si ndiyo njia yenyewe ya kuambukizana?
*Mzee msomaji, Kigoma*

Shikamoo mzee. Wasiwasi wako una ushahidi, tena kwenye mchezo huuhuu. Machi 2020 madaktari wa magharibi mwa Kanada walikutana Edmonton kwa mashindano yao ya kirafiki ya kalingi, watu 73, na zaidi ya nusu yao wakaugua korona. Madaktari hao mzee, watu wanaojua maana ya kunawa mikono. Walikula pamoja, wakakaa pamoja, na wakati ule vipimo na barakoa vilikuwa bado havijawa kitu cha kila siku.

Kwa hiyo mwaka mmoja baadaye hakuna aliyefika Calgary akidhani barafu inaua virusi. Ndiyo maana vikaondolewa vile vya pembeni, chakula cha pamoja, mashabiki, kupeana mikono, kutoka nje, vikabaki vipimo na barafu. Ingekuwa ni kufungua milango na kuuza tiketi ningekuwa upande wako bila kusita. Na kuahirisha kulikuwa na tatizo lake, Olimpiki ya Beijing ilikuwa Februari 2022 na nafasi za nchi kwenda huko zilitegemea ubingwa wa dunia wa 2021, usipopata bingwa wa taifa huna wa kumpeleka.

Mambo dada! Bingwa alipewa nini? Na safari hii alienda dunia au walimfutia tena?
*Mwanafunzi, Nairobi*

Poa sana mdogo wangu. Kuna kombe na kuna zawadi ya pesa, lakini kitu ambacho wachezaji wenyewe wanakipenda ni mkufu. Anayefika Scotties mara ya kwanza anapewa mkufu wenye nembo ya mioyo minne, na akirudi miaka mingine unaongezewa kito, kwa hiyo ukimuona mwanamama wa Kanada na mkufu huo unajua amepita wapi. Bingwa pia anarudi mwaka unaofuata akiwa na jezi ya Timu Kanada bila kupitia jimboni, na Einarson na wenzake Val Sweeting, Shannon Birchard na Briane Meilleur waliitumia vizuri nafasi hiyo, wakabeba tena 2022 kule Thunder Bay, mji ule uliokosa zamu yake 2021, na tena 2023.

Dunia alienda, kwenye kambi ileile, mwisho wa Aprili mpaka Mei. Akaanza vibaya mno, walipoteza mechi tano kati ya sita za kwanza, bila shabiki hata mmoja wa kuwainua nchini kwao wenyewe, halafu wakageuza wakashinda moja baada ya nyingine mpaka wakaingia timu sita za juu, wakatolewa na Sweden. Ubingwa ukaenda Uswisi kwa Silvana Tirinzoni. Lakini hizo sita za juu ndizo zilizopata tiketi ya Beijing, kwa hiyo Einarson aliipatia Kanada nafasi ya Olimpiki, ila nafasi ni ya nchi siyo ya mchezaji. Novemba 2021 wakacheza mchujo wa Olimpiki mjini Saskatoon, fainali akafika Tracy Fleury, yule aliyebaki nyumbani na mwanae Februari, akafungwa na nahodha mwingine, Jennifer Jones, na Jones ndiye aliyepanda ndege ya Beijing.