Bila cherehani inawezekana?

Umeuliza kama foronya ya viraka inaweza kushonwa kwa mkono tu. Inawezekana, tena raha yake ndiyo hiyo! Pita kwa fundi umwombe vipande vya vitenge vilivyobaki, ila chagua pamba tupu. Ukichanganya na poliesta, kimoja kitarudi kikifuliwa na kingine kitabaki vilevile, foronya itajikunja. Fua vyote kwanza, maana kitenge kipya kina wanga na rangi huweza kuchuja. Piga bandi (mshono wa muda wa kushikiza vipande pamoja), kisha shona sindano ikirudi nyuma kidogo kila hatua, mshono haufumuki ovyo. Kila ukimaliza mstari, piga pasi (wengi hawana subira hapa, halafu pembe zinakataa kukutana). Maua ya kudarizi yaje mwisho. Uzi wake una nyuzi 6, tumia 2 tu.