Kazi Lae, Papua Guinea Mpya: nenda na familia, ila mkeo aulizwe kwanza

Kaka, hongera kwa hiyo nafasi. Nimesoma swali lako mara mbili: mkataba wa miaka 3 wa uhandisi kule Lae, mkeo ni mwalimu, watoto wawili, na unauliza uende nao au uwaache Morogoro uwe unawatumia fedha. Mwishoni ukauliza na habari ya unga. Waliotangulia kukujibu wameongelea mshahara na ujambazi. Mimi nimeishi Lae kuanzia Mei 2022 hadi Mei 2025. Mume wangu alikuwa anasimamia mitambo kwenye kampuni moja ya pale, nami niliacha kazi ya uhasibu Mwanza nikamfuata na watoto, mmoja wa miaka 9 na mwingine wa miaka 4. Kwa hiyo nitakujibu kwa upande ambao hukuuliza, upande wa mkeo.

Nenda nao. Lakini kabla hujasaini, kaa chini na mkeo, mwulize siku yake kule itakuwaje kuanzia wewe ukishatoka asubuhi mpaka unaporudi. Kama hamna jibu nyote wawili, bado hamjawa tayari.

Sisi hatukuulizana. Kampuni iliyomwajiri mume wangu ilituambia kwa mdomo kwamba mama naye hatakosa kazi, mji ni wa viwanda. Tulipofika nikaelezwa kuwa viza yangu ni ya mtegemezi, na siruhusiwi kufanya kazi yoyote mpaka apatikane mwajiri wa kuniombea kibali changu mwenyewe. Nilizunguka na vyeti vyangu miezi minne. Hakuna aliyekuwa tayari kubeba gharama na usumbufu huo kwa nafasi ambayo mwenyeji anaiweza, na sikuweza kuwalaumu, maana vijana wao waliosoma na wasio na ajira ni wengi kama wetu. Lakini mimi nilikuwa nimeshaacha kazi ya miaka 11. Mkeo akiwa mwalimu ana nafasi nzuri kuliko mimi, hasa kwenye shule za kimataifa. Aanze kuandika barua sasa hivi, akiwa bado Morogoro na kazi yake mkononi.

Nyumba tuliyopewa ilikuwa nzuri kuliko yoyote tuliyowahi kukaa. Jenereta, maji, jiko kubwa. Ukuta mrefu umeizunguka, juu nyaya za miiba, getini walinzi usiku na mchana. Gari lilikuwa moja na mume wangu alikwenda nalo kazini. Mkubwa anachukuliwa na basi la shule, nabaki mimi, mdogo, na mvua. Mvua ya Lae usiichukulie kama ya kwetu. Port Moresby, mji mkuu, ni pakavu, lakini Lae mvua inanyesha mwaka mzima, na Juni hadi Agosti ndiyo inazidi kabisa. Nguo zilikaa kwenye kamba ndani ya nyumba siku tatu hazijakauka. Viatu vya ngozi viliota ukungu kabatini. Nikitaka kupiga simu nyumbani, Lae imetangulia kwa saa 7, kwa hiyo mimi nikimaliza kazi za asubuhi saa nne, Mwanza ni saa tisa usiku, wote wamelala. Nililia karibu kila siku, na mume wangu akirudi namwambia niko salama, kwa sababu nilijua naye ana mzigo wake huko kazini. Hilo lilikuwa kosa langu kubwa kuliko yote. Angejua mapema, tungetafuta njia mapema.

Kwa hiyo yaandikwe kwenye mkataba, usikubali ya mdomo. Ada ya shule, maana shule za kimataifa zinazofuata mitaala ya nje ni ghali na bila mwajiri kulipa mshahara wote utaishia hapo. Usafiri wa mkeo, gari la pili au dereva, kwa siku na saa zinazojulikana. Tikiti za likizo za familia nzima. Na bima inayolipa ndege ya kumtoa mgonjwa mahututi kumpeleka Australia. Hili usilitanie. Ugonjwa mkubwa wageni wengi hupelekwa huko, na gharama ya safari hiyo mtu hawezi kuitoa mfukoni. Kuhusu mshahara nitakuambia mawili tu: kodi ya mapato daraja la juu ni asilimia 42, na fedha za kigeni zimekuwa haba tangu 2014, kwa hiyo kugeuza kina, ndiyo fedha yao, kuwa dola na kutuma nyumbani kunaweza kuchukua muda kuliko unavyodhani. Uliza sehemu ya mshahara italipwa wapi na kwa fedha gani.

Sasa usalama, kwa kuwa wengi wamekutisha. Ujambazi upo, na yeyote atakayekuambia haupo anakudanganya. Usiku hatukutembea. Barabara ya nyanda za juu inayoanzia Lae kwenda Goroka na Mount Hagen hatukuisafiri bila kuuliza wenyeji kwanza. Tarehe 10 Januari 2024 polisi waligoma Port Moresby kwa sababu ya makato kwenye mishahara yao, watu wakavunja na kuchoma maduka, wakafa watu, serikali ikatangaza hali ya hatari kwa siku 14. Sisi Lae tulifungiwa ndani ya uzio siku kadhaa, watoto hawakutoka hata uwanjani. Lakini kuna jambo moja waliokujibu hawalijui. Sisi ni weusi. Mjini watu waliniona wakadhani natoka Buka, yaani Bougainville, ambako watu ni weusi sana kama sisi. Mpaka nifungue mdomo hakuna aliyejua kuwa mimi mgeni. Wenzetu Waaustralia hawakuwa na bahati hiyo, na kwa muda mrefu niliishi kwa hofu yao wakati ningeweza kuishi kwa macho yangu.

Kilichonitoa ndani ya uzio ni dada aliyekuja kutusaidia kazi. Wao husema haus meri. Alikuwa mama wa watoto watatu, mkubwa kwangu kwa miaka kama mitano. Wiki ya tatu alinikuta nalia jikoni. Hakuuliza kitu. Kesho yake akaja mapema, akamwambia mlinzi kwa lugha yao kwamba leo anakwenda na mama sokoni, na tukaenda.

Soko kuu la Lae ungelipenda. Wanawake wamekaa chini, bidhaa zimepangwa mafungu mafungu kama kwetu: viazi vitamu, ambavyo wanaviita kaukau na ndicho chakula chao kikuu nyanda za juu, magimbi, ndizi za kila aina, nazi, mboga za majani, karanga mbichi za bonde la Markham zikiwa bado kwenye mashina yake, zimefungwa kama shada. Na kila mahali wanauza buai. Nilipoiona nikaijua, ni popoo yenyewe, ile inayotafunwa na tambuu kule Pwani. Wao wanaitafuna na chokaa na tunda la mmea wa jamii ya tambuu, wanatema wekundu ule ule.

Nikachagua shada la karanga. Nikafanya kama ambavyo ningefanya sokoni Kirumba, kwetu Mwanza: nikaguna, nikalirudisha, nikasema mama nipunguzie. Yule mama akanyamaza. Akatazama chini, akaliinua lile shada, akaniwekea kwenye kikapu, akakataa fedha yangu. Nilidhani nimemkasirisha. Dada akanivuta pembeni akanieleza: huku sokoni watu hawapatani bei. Bei ni ile iliyowekwa. Mtu akiomba apunguziwe, maana yake hana, na huyu mama ameona mwanamke mweusi mwenye mtoto mgongoni ambaye hana fedha ya karanga. Nilirudi nikamlipa, na kwa Kiingereza changu na mikono nikamwomba radhi. Tangu siku hiyo kila Jumanne na Ijumaa nilinunua kwake. Nakuandikia haya na bado nauona mkono wake ukiweka zile karanga.

Lugha, kaka. Ofisini utasema Kiingereza. Nje ya ofisi nchi ile ina lugha zaidi ya 800, na kinachowaunganisha mtaani ni Tok Pisin. Mtanzania analielewa hilo kuliko mzungu yeyote, tumelelewa ndani yake. Jifunzeni nyote. Maneno mengi yametoka kwenye Kiingereza, kwa hiyo miezi sita inatosha kuongea bila aibu. Lakini kuna kitu ambacho Kiswahili hatuna. Sisi tunasema "sisi", basi. Wao wana mbili: mipela ni sisi bila wewe unayeambiwa, na yumi ni sisi pamoja na wewe. Mwaka mzima wa kwanza dada alipoongea nami kuhusu kwao, kanisa lao, chakula chao, ilikuwa mipela. Haikuwa dharau, ndivyo lugha inavyotaka. Ila nilikuwa naisikia kila mara.

Utasikia pia neno wantok, mtu wa lugha moja nawe. Wantok wako akipata shida ni yako, akija kulala analala, akiomba unatoa. Wageni wengi wanalilalamikia kwamba linamaliza mishahara ya wafanyakazi wao. Mimi nililiona ni undugu wetu ule ule na mzigo wake ule ule. Usimhukumu fundi wako anayeomba mkopo siku tatu baada ya kulipwa (mishahara hutoka kila wiki mbili). Muulize kwanza nani kafariki.

Kuhusu afya kwa kifupi: malaria ipo sana Lae, vyandarua mlale navyo. Malaria ya falciparum mnayoijua ipo, na ipo aina nyingine, vivax, ile inayojificha kwenye ini na kurudi baada ya wiki au miezi. Waafrika wengi damu yetu haiipokei kirahisi, lakini jirani yetu Mfilipino ilimrudia mara tatu. Pimeni kila homa. Na ardhi inatikisika, wanaita guria. Jumapili asubuhi ya tarehe 11 Septemba 2022 lilipiga tetemeko la ukubwa wa 7.6 na kuua watu mkoani kwetu Morobe. Vyombo vyetu vilimwagika vyote, nikatoka mbio na mdogo nikiwa na khanga moja. Wafundisheni watoto mapema wakimbilie wapi.

Juni 2023 mama yake dada alifariki. Nilikwenda na mume wangu kwenye haus krai, ndiyo matanga yao. Tulibeba gunia la mchele, sukari na majani ya chai. Turubai, mikeka, moto, wanawake wamekaa upande wao. Nilijifunga khanga kiunoni nikakaa nao chini. Kitu pekee kilichonishangaza ni kwamba kila kundi jipya likifika linaanza kulia kwa sauti tangu mbali, na waliokaa wanaliitikia, wanalia upya pamoja, kisha kimya, kisha watu wanaongea na kula. Tulikaa mpaka jioni.

Novemba mwaka huo huo alifariki shangazi yangu aliyenilea. Tikiti haikuwezekana, wala nisingewahi maziko. Nilimwambia dada asubuhi kwa sababu alikuta macho yangu yamevimba. Mchana mlinzi akanipigia kwamba getini kuna watu na kanuni haziruhusu wageni wengi kiasi hicho. Nikatoka. Walikuwa wanawake kumi na mmoja. Dada, dada zake, wenzake wa kanisani, na yule mama wa karanga. Wana kaukau, ndizi, nazi, na mkeka mmoja umekunjwa. Mlinzi alikataa kuwaingiza, naye alikuwa anatii amri za watu, simlaumu. Wakatandika mkeka nje ya ukuta, kwenye majani, karibu na mfereji. Nikaanza kuwaeleza shangazi alikuwa nani, dada akanishika mkono akasema, "Yumi krai pastaim." Sisi, na wewe ndani yake, tulie kwanza.

Tulilia pale nje mpaka mvua ilipotukuta. Mume wangu aliporudi aliongea na wakubwa zake, na kanuni ya wageni ikalegezwa kwa nyumba zote. Ombeni hilo nalo mapema, kaka, kabla hamjalihitaji.

Kuhusu unga: sembe usitegemee kuipata. Semolina, yaani ngano iliyosagwa ikabaki chenga, ipo madukani, inasongeka vizuri, na watoto wataizoea. Nazi ni tele, kwa hiyo mbuzi ya kukunia mbebe, na mwiko. Vitu vya mbao viwe safi na vikavu, na mviandike kwenye fomu ya uwanja wa ndege, wanakagua. Mkeo akitaka kujua kuhusu shule au chochote, aniandikie yeye mwenyewe, nitamjibu.